Mtoto hangoji kupigwa msasa

1/ Juzi kwa kibanda cha chai hapa Kakamega mjini mjadala uliwaka: "Watoto wa wageni huduma za nini? Wazazi wapigwe msasa kwanza!" Mimi nasomea sayansi ya siasa, kunyamaza nikashindwa. Wacha tuanze na historia. Uzi 👇

2/ Miaka ya 1890 Waingereza walikuwa na kituo Mumias, hapa hapa kaunti yetu. Kati ya askari wao walikuwemo Wasudani. Wazao wa askari kama hao ndio Wanubi. Wengine walitumikia King's African Rifles, wakapewa makao Kibera. Hawakujipenyeza mpakani, jameni. Waliletwa na serikali yenyewe.

3/ Zaidi ya miaka 100 baadaye, kijana Mnubi akifika 18 bado alikuwa anaitwa mbele ya kamati athibitishe kuwa ni Mkenya. Mzazi asiye na kitambulisho naye alihangaika kumpatia mtoto cheti cha kuzaliwa.

4/ Mwaka 2009 malalamiko yakafika kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto. Machi 2011 ikaamua: Kenya imekiuka haki za watoto hao. Na si uraia tu. Afya na elimu pia.

5/ Mbona afya na elimu? Kwa sababu mwili wa mtoto una ratiba yake. Chanjo ina wiki zake, lishe ina miaka yake, darasa la kwanza lina umri wake. Samaki mkunje angali mbichi. Ukimwambia angoje hadi 18, umechelewa.

6/ Hoja ya usalama naielewa, si ya kubeza. Serikali ina haki ya kujua nani ni raia. Lakini mtoto wa miezi 2 aliyeletwa kliniki kupimwa uzito anatisha nani? Tena cheti cha kuzaliwa Kenya si uthibitisho wa uraia. Kinasema tu alizaliwa lini, wapi, na nani.

7/ Katiba ya 2010, Kifungu 53, inataja jina na uraia tangu kuzaliwa, elimu ya msingi ya bure, lishe, makao na afya. Ya nani? Ya "kila mtoto". Haikusema mtoto wa mwenye kitambulisho.

8/ Kwa hivyo mwanasiasa akipanda jukwaani kuwasema "wageni", muulize swali moja: wakati mzazi anapigwa msasa, mtoto atakula nini, atachanjwa wapi, atasoma wapi? Akikosa jibu, basi hana sera. Ana kelele tu.