Daftari Lisilosomeka

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari lipo lakini halisomeki?

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje. Marufuku ilipolegezwa baadaye, ofisi nyingi zilihamishia mishahara kwenye diski. Kisha mashine zikafa, kumbukumbu zikabaki yatima.

Hapa Wazo, mzee jirani yangu alihitaji ushahidi wa miaka aliyoitumikia kampuni iliyokwisha kufungwa, ili adai mafao yake. Ushahidi huo ulikuwa ndani ya nakala ya diski ya zamani. Mimi nilikuwa nimeunda programu inayojifanya kompyuta ya enzi hizo. Tukaiwasha, ikagoma.

Diski za wakati ule zilihesabiwa kwa silinda, vichwa na sekta. Faili la mpangilio lililoambatana na nakala lilitaja vichwa 16 na sekta 63, ilhali diski yenyewe, ya megabaiti 20, iligawanywa silinda 615, vichwa 4 na sekta 17. Kwa hesabu isiyolingana, kila mlango unaobishwa ni wa nyumba nyingine. Tarakimu zilipolingana, majina yalijipanga, na la mzee likiwemo.

Tumezoea kulia nyaraka zikiungua. Nyingine, ndugu msomaji, hazikuungua kamwe. Zimekosa tu wa kuzibishia hodi kwenye mlango wake.