Nani Hulipia Jaribio? Fedha za Umma Nyuma ya M-Pesa na Mahindi ya Kitale

Historia ya M-Pesa husimuliwa kama ushindi wa sekta binafsi peke yake. Simulizi hiyo humsahau mlipaji wa mwanzo. Kabla huduma haijazinduliwa nchini Kenya Machi 2007, Vodafone ilipewa karibu pauni milioni 1 na mfuko wa ushindani wa serikali ya Uingereza, kwa sharti kwamba nayo ichangie. Katika kampuni inayopimwa kwa faida ya muda mfupi, wazo la kuwahudumia watu wasio na akaunti ya benki lisingefua dafu mbele ya miradi mingine iliyogombea bajeti ileile.

Jaribio lenyewe la 2005, lililogharimiwa na fedha hizo, lililenga marejesho ya mikopo midogo. Washiriki walianza kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ikafuata matumizi hayo. Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu: kilichofanikiwa hakikuwa kile kilichoombewa fedha. Hakuna mhasibu ambaye angeweza kukokotoa faida yake mapema, na ndiyo maana alihitajika mlipaji anayeweza kustahimili hasara. Tukumbuke pia kwamba wakati huo serikali ya Kenya ilimiliki 60% ya Safaricom, kampuni ya simu iliyoendesha huduma hiyo, na kwamba Benki Kuu iliiruhusu huduma ianze miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Mfumo wa Malipo ya 2011.

Mji wa Kitale, nchini humo humo, ulitangulia kutoa ushahidi wa hoja hii. Utafiti wa mahindi ulioanza huko mwaka 1955 kwa fedha za umma ulizaa mbegu chotara H611 mwaka 1964, baada ya aina ya Kitale kuchavushwa na mahindi yaliyotoka Ekwado. Wakulima wadogo waliipokea kwa kasi. Mbegu chotara hununuliwa upya kila msimu, kwa hiyo biashara yake inalipa. Miaka ya kuitafuta ndiyo isiyolipa.

Wapo wanaopinga kwa hoja kwamba serikali ikitumia zaidi huwanyima wawekezaji mikopo. Hofu hiyo ina msingi. Hazina inapokopa ndani ili kugharimia matumizi ya kawaida, benki huona heri kununua dhamana zake kuliko kumkopesha mwenye karakana. Lakini pingamizi hilo linahusu aina ya matumizi, na halitoshi kuhukumu matumizi yote. Sheria ya Kenya ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inautengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti 2% ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa, na utafiti unaendelea kutegemea wafadhili wa nje, ambao huja na ajenda zao.

Fedha za kuanzia zipo. Serikali ilipouza 25% ya Safaricom mwaka 2008, ilibaki na 35%, na gawio la hisa hizo limekuwa likiingia Hazina na kuchanganyika na mapato mengine. Bunge lingeweza kuagiza kwamba sehemu maalumu ya gawio linalotokana na hisa za umma, katika kampuni yoyote, iende moja kwa moja kwenye Mfuko wa Utafiti, kwa miradi ya miaka kumi badala ya mwaka mmoja wa bajeti.