Motokaa Kuukuu Iliyoshinda Safari

Wakati wa Pasaka ya mwaka 1965, motokaa ndogo ya Volvo, ya aina ya PV544, ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki. Haikuwa mpya. Mwaka uliotangulia ilikuwa imekwisha kupondwa na njia zile zile mikononi mwa Tom Trana, dereva mashuhuri wa Sweden. Safari hii usukani ulishikwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na kando yake aliketi nduguye Jaswant. Hawakutumwa na kiwanda chochote. Walishindana kwa gharama na jasho lao wenyewe.

Yafaa, msomaji, ujue kwanza mashindano hayo yalikuwa ya namna gani. Yalianzishwa mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Jina la Safari ya Afrika ya Mashariki yalilipata mwaka 1960. Yalifanywa wakati wa Pasaka, nawe uliyezaliwa Kakamega huhitaji kuelezwa barabara ya udongo ilivyo mwezi wa Aprili: asubuhi vumbi, jioni tope linalofika magotini. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na mara hii tena yakamaliza saba. Basi swali kubwa la Safari halikuwa ni nani aendaye mbio kupita wenziwe. Lilikuwa ni gari la nani litakalokuwa hai siku ya mwisho. Na hilo, ukilitazama vema, ni swali la fundi kabla ya kuwa la dereva.

Joginder Singh alikuwa fundi. Alijifunza kazi katika gereji ya baba yake, kisha akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika ya Mashariki kuzunguka barabarani akiwasaidia watu walioharibikiwa. Tafakari kazi hiyo. Mtu ambaye kila siku hukuta magari yaliyokufa njiani hujifunza kile ambacho dereva hodari huenda asijifunze maisha yake yote: gari hufa kwa sababu gani, na wapi hasa. Alipoingia katika Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959, alikuwa na elimu hiyo vidoleni.

Sasa litazame gari lenyewe. PV544 ilitengenezwa tangu 1958 mpaka 1965. Ni gari dogo, lenye mgongo wa mviringo mfano wa kobe. Injini yake ya baadaye ilikuwa na silinda nne na ukubwa wa lita 1.8, na ile ya namna ya mbio ilifungwa kabureta mbili. Hizo kabureta mbili ndizo nguvu ya gari, na ndizo taabu ya fundi. Ikiwa moja yavuta hewa nyingi kuliko mwenziwe, silinda mbili hufanya kazi na mbili huburutwa. Gari hukohoa, hunywa petroli kama mlevi, na mlimani hushindwa. Mafundi wa zamani walikuwa na dawa isiyogharimu kitu. Walichukua kipande cha mpira wa kupitishia maji, ncha moja wakaitia sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, wakasikiliza mlio wa hewa. Kisha wakaihamishia ncha hiyo kwenye kabureta ya pili. Wakageuza skrubu kidogo, wakasikiliza tena, hata milio yote miwili ikawa sawa. Ni kazi ya sikio kama ile ya mpiga litungu akaza nyuzi zake.

Platini nazo zilitaka jicho. Ni vyuma viwili vidogo vinavyofunguka na kufumba ili kuzipelekea plagi umeme, na nafasi iliyo kati yake haizidi nusu ya milimita. Zikiungua kidogo, injini hukataa kuwaka asubuhi ya baridi. Lakini adui aliye mbaya kuliko wote katika nchi yetu ni vumbi jekundu. Likipenya chujio la hewa likaingia katika silinda, husugua chuma kama msasa, na baada ya muda injini hutoa moshi wa samawati, kwa maana oili imeanza kuungua pamoja na petroli. Kwa hiyo fundi anayepokea gari lililokwisha kutumika kwa mashindano hulivua lote kama avuaye mahindi maganda: hutazama kila springi, hupiga nyundo kila kiungo na kuusikiliza mlio wake, huunga nyufa kwa moto, na chini ya injini hufunga bamba la chuma kuikinga na mawe. Hakuna ushujaa wowote wa kutazamwa hapo. Hakuna mtu apigaye makofi kando ya gereji.

Elimu hii ilifikaje kwetu? Hapana budi turudi nyuma kwenye reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901, Waingereza walileta watu zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi kuijenga reli ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Miongoni mwa Masingasinga waliokuja wakati huo na baadaye walikuwamo wengi wa jamii ya Ramgarhia, watu wa uhunzi na useremala tangu kwa mababu. Reli ilipokwisha, baadhi yao walibaki, na karakana zao zikageuka gereji kadiri magari yalivyoongezeka. Watu wetu wakawaita Kalasinga, na kwa miaka mingi jina hilo na neno fundi yalikwenda pamoja kama chungu na kifuniko. Hata lugha yetu inashuhudia: neno gari latoka katika Kihindi, lakini plagi, spana na jeki ni za Kiingereza. Karakana moja, lugha tatu.

Katika sehemu hii ya Kakamega, dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, wachimbaji walifurika pamoja na mitambo yao, na mitambo haikosi kuvunjika. Vijana wa Kiafrika waliingia katika karakana za nchi kwa mlango wa chini kabisa, wakiosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumpa fundi spana anayoitaka. Wengi walijifunza kwa kutazama tu, maana hapakuwa na mwalimu. Wale ambao hawakupata karakana walifungua kazi chini ya mti, na huko jina la jua kali lilikopatikana.

Hapa naona dhuluma ndogo ambayo haijaondolewa. Tazama orodha ya washindi wa Safari. Utamkuta Joginder Singh mara tatu, 1965, 1974 na 1976. Utamkuta Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kukimbia utawala wa Idi Amin, akishinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, gari halisi la mbio lenye silinda sita na kabureta mbili. Kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979. Dereva ameandikwa, na msaidizi wake ameandikwa. Aliyelala chini ya gari usiku kucha hakuandikwa. Na shuleni kwetu bado husemwa kwamba gereji ni ya yule aliyeanguka mtihani.

Mwaka 2003 ilianzishwa Safari ya magari ya zamani, na gari lililoshinda mara ya kwanza ni Datsun 260Z, lililotengenezwa karibu miaka thelathini kabla yake. Gari la namna hiyo halina kompyuta ya kumwambia fundi ugonjwa uko wapi. Lazima asikilize.

Nenda basi, siku isiyo ya masomo, kwenye vibanda vya jua kali vya mji wetu, ukamtafute mzee anayejua kulinganisha kabureta mbili. Muulize alifundishwa na nani, na huyo alifundishwa na nani. Chukua kalamu, uyaandike majina hayo kwa utaratibu, pamoja na miaka anayoikumbuka.