Sima Yi (Sanguosha)

Sima Yi ni mhusika wa dola ya Wei katika Sanguosha, mchezo wa karata kutoka China uliotolewa mwaka 2008, ambamo wachezaji wote huficha wadhifa wao isipokuwa mtawala. Amepewa jina la jemadari wa kihistoria (179–251). Ana uhai 3 tu. Nguvu yake imo katika kudhibiti mchezo. Akijeruhiwa, anaweza kumnyang'anya aliyemjeruhi karata moja. Muhimu zaidi, karata ya hukumu, yaani ile inayoamua kama athari fulani itampata mchezaji, inapofunuliwa, anaweza kuibadilisha kwa karata ya mkononi mwake: akiweka shupaza ya 2 hadi 9, karata ya radi humpunguzia anayehukumiwa uhai 3; akiweka kopa, mwenzake aliyetegewa karata ya kupoteza zamu hucheza kama kawaida. Mchezaji stadi huziweka akiba karata hizo. Hata hivyo, kila anapoingilia hukumu hudokeza yuko upande wa nani.