Mitaa ya Eastlands: Karibu kwa kilomita, mbali kwa dakika

Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha jijini Nairobi, jumba la ghorofa sita liliporomoka mtaani Huruma, kando ya mto. Karibu watu 50 walipoteza maisha. Majirani ndio waliotangulia kuwafikia waathiriwa, wakiondoa vifusi kwa mikono mitupu, huku waokoaji wakipata taabu kupenya katika barabara nyembamba na umati wa watu uliofurika. Shughuli iliyowashirikisha wanajeshi, Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) na Shirika la Msalaba Mwekundu iliendelea kwa siku kadhaa. Mtoto mchanga alitolewa akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na wengine wachache wakapatikana hai takriban siku sita baada ya jumba kuanguka.

Huruma haiko mbali na katikati ya jiji. Kwenye ramani ni mwendo mfupi kupitia barabara ya Juja. Hata hivyo, kipimo cha kilomita hakiwezi kueleza yaliyotukia usiku ule. Watafiti wa uchukuzi wa mijini wamekuwa wakisisitiza kwamba mpango wa kukabili majanga hauna budi kuanza na swali jingine: je, mtaa huo unafikika kwa muda gani, saa ngapi, na kwa njia zipi?

Maana ya kufikika

Kufikika kwa mtaa hupimwa kwa dakika. Gari la wagonjwa likisafiri kilomita 6 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, litatumia dakika 9. Msongamano ukilipunguzia mwendo hadi kilomita 10 kwa saa, safari hiyo hiyo itachukua dakika 36. Mtu anayevuja damu au aliyezingirwa na moshi huenda asiweze kuisubiri tofauti hiyo ya dakika 27.

Ndiyo maana ramani zinazoonyesha hospitali na vituo vya wazimamoto pekee hazitoshi. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet Global Health lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 29 ya watu wa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa wakiishi zaidi ya saa mbili kutoka hospitali ya umma iliyo karibu nao. Kwa kipimo cha saa mbili, mkazi wa Kayole au Dandora anahesabiwa kuwa karibu na huduma. Lakini moto katika nyumba za mabati haungoji saa mbili. Jiji linahitaji kipimo kidogo zaidi, tena kinachobadilika kati ya usiku wa manane na saa kumi na mbili jioni, wakati barabara ya Jogoo inapojaa magari.

Wataalamu hutazama mambo matatu. La kwanza ni muda wa safari kwa kila saa ya siku. La pili ni idadi ya njia mbadala, iwapo daraja limefunikwa na maji au barabara imezibwa. La tatu ni kipande cha mwisho cha safari, kutoka barabara ya lami hadi mlango wa nyumba. Mara nyingi hicho ndicho kifupi kuliko vyote, na ndicho kinachokwamisha.

Mitaa iliyokua kupita mipango yake

Eastlands haikujengwa mara moja. Pumwani ilianzishwa kuwa makao ya Waafrika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kaloleni ilifuata katika miaka ya 1940, ikiwa na nyua pana na ukumbi wa jamii. Buruburu, Umoja na mradi wa viwanja vya Dandora ni matunda ya miaka ya 1970.

Barabara za mitaa hiyo zilipimwa kwa ajili ya nyumba za chini na wakazi wachache. Leo sehemu kubwa ya Umoja, Huruma na Pipeline imejaa majumba marefu ya kupangisha, ilhali upana wa barabara ni ule ule. Katika sensa ya 2019, kaunti ndogo za Embakasi na Njiru pekee zilikuwa na zaidi ya watu milioni 1.6. Kaunti ndogo ya Mathare ilikuwa na zaidi ya watu 68,000 katika kila kilomita moja ya mraba.

Maumbile ya nchi nayo yanaongeza ugumu. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong inaikata Eastlands vipande vipande, na reli inaitenga na eneo la viwanda. Mitaa miwili inayotazamana ng'ambo ya mto inaweza kutenganishwa na safari ndefu, kwa sababu daraja la magari liko mbali. Upanuzi wa barabara ya Outer Ring, uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliipa Eastlands njia pana inayoiunganisha kaskazini na kusini. Hata hivyo, barabara kuu haiwezi kutatua tatizo la kichochoro.

Kuna pia vizuizi vilivyowekwa na wakazi wenyewe. Katika nyua nyingi za Buruburu malango yamejengwa ili kuzuia wezi. Lango linalofungwa usiku huwapa wakazi usingizi, lakini siku ya moto mwenye ufunguo asipopatikana, gari la wazimamoto hubaki nje. Katika soko la Gikomba, ambako moto wa Juni 2018 uliua watu 15, vibanda vimesongamana kiasi kwamba nafasi ya gari kubwa kupita ni haba.

Hospitali nazo hazikusambaa kulingana na watu. Pumwani, iliyoanza mwaka 1926, ni ya kina mama wanaojifungua. Mama Lucy Kibaki huhudumia eneo lenye watu wengi mno. Majeruhi wa moto walio katika hali mbaya hupelekwa Hospitali Kuu ya Kenyatta, iliyo upande wa pili wa jiji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Septemba 12, 2011, petroli ilipovuja kutoka kwenye bomba, ikaingia katika mtaro na kulipuka katika kijiji cha Sinai, Mukuru. Zaidi ya watu 100 walifariki. Februari 2024 lori la gesi lilipolipuka usiku katika eneo la Mradi, Embakasi, zaidi ya watu 200 walijeruhiwa kwa mpigo. Katika hali kama hiyo, mpango hauwezi kutegemea hospitali moja wala barabara moja.

Matatu kama chombo cha utafiti

Kwa miaka mingi Nairobi haikuwa na ramani kamili ya njia za matatu, ingawa magari hayo ndiyo uti wa mgongo wa usafiri wake. Kati ya 2012 na 2014, Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani pamoja na kampuni ya Groupshot, kiliendesha mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zinazorekodi mahali zilipo, wakaandika kila kituo. Zaidi ya njia 130 zilinakiliwa, na ramani ikazinduliwa Januari 2014. Mwaka uliofuata taarifa hizo ziliingizwa katika huduma ya ramani ya Google.

Kazi hiyo ina manufaa kwa waokoaji pia. Katika Eastlands watu hawaelekezani kwa nambari ya nyumba, bali kwa jina la steji. Jina hilo huweza hata kudumu kuliko kitu kilicholizaa: jengo la Taj Mall lilibomolewa Septemba 2018, lakini abiria bado hushukia "Taj Mall". Mhudumu wa simu za dharura asiyeyajua majina hayo hawezi kulielekeza gari haraka.

Aidha, matatu ni sehemu ya uokoaji wenyewe. Bomu lilipolipuliwa katika ubalozi wa Marekani Agosti 7, 1998, majeruhi wengi walifikishwa hospitalini kwa magari ya watu binafsi na matatu. Hakuna aliyewapangia madereva wale hospitali ya kwenda. Mpango mzuri ungewatambua mapema madereva na wahudumu wa bodaboda wa kila steji, ukawafunza huduma ya kwanza na kuwaeleza ni hospitali ipi ipokee majeruhi wa aina gani.

Wanaotembea kwa miguu nao wasisahaulike, kwani karibu nusu ya safari za jijini hufanywa hivyo. Maji yanapofurika, kama yalivyofurika Mathare mwezi Aprili 2024, familia nyingi hukimbia kwa miguu zikibeba watoto na wazee. Kwao, kivuko cha waenda kwa miguu kilicho imara na shule iliyo mahali pa juu vina thamani kuliko barabara kuu. Shule hiyo hiyo inafaa iwe mahali ambapo lori la chakula na blanketi linaweza kuingia na kugeuza.

Nani aipishe barabara?

Vichochoro vya mitaa ya mabanda vilianza kuchorwa na vijana wenyeji. Baada ya mradi wa Map Kibera wa 2009, kazi kama hiyo ilifanywa Mathare. Nchini Tanzania, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaro na maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Picha ya setilaiti huonyesha paa la bati. Mkazi ndiye anayejua kwamba chini ya paa hilo pana njia inayopitika, na kwamba njia hiyo hufungwa mvua ikinyesha.

Baada ya kuchora huja uamuzi mgumu zaidi. Kumpitishia mzimamoto barabara ni kumwondoa mtu nyumbani kwake. Agosti 2017, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango, lenye takriban familia 100,000. Vyuo vikuu, mashirika na wakazi waliojiunga katika vikundi, likiwemo vuguvugu la Muungano wa Wanavijiji, walijadili barabara zipite wapi. Ilidhihirika kwamba kufuata viwango vya kawaida vya upana kungewafukuza watu wengi kupita kiasi. Kwa hivyo walikubaliana juu ya barabara nyembamba kuliko kawaida, ili watakaohama wawe wachache.

Mwishoni mwa 2021, katika eneo hilo hilo la Mukuru kwa Njenga, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu ili kufungua barabara ya kuunganisha eneo hilo na Nairobi Expressway. Mvua ikanyesha juu ya familia zilizokesha katika mahema, kwenye viwanja vilivyokuwa nyumba zao.

Njia hizo mbili za kufungua barabara zingali mbele ya wapangaji wa jiji. Zote huweza kulifikisha gari la wazimamoto. Kinachozitofautisha ni iwapo aliyekusudiwa kuokolewa atakuwa angali anaishi hapo siku gari hilo litakapofika.