UZI: Rungu la kumtoa mbunge, lilivyoandikwa na lilivyofutwa

1/8
Leo tunaacha kidogo mambo ya presha na sukari, tunaingia kwenye historia. Mnaonifuata siku nyingi mnajua kila nikitoka zamu ya usiku nina uzi wangu. Huu ni mrefu, kaeni mkao wa kula.

Swali la leo: mbunge akipiga kura bungeni kinyume na mliomchagua, mnaweza kumtoa kabla ya miaka mitano?

Wengi watajibu, "Hapa kwetu mbunge hatolewi katikati." Si kweli. Wametolewa sana. Ila anayewatoa siyo mpiga kura. Na kuna mwaka mmoja, 2013, ambapo haki hiyo iliandikwa kwa ajili yetu, ikachapwa na tukaisoma. Mwaka uliofuata ikafutwa. Twende taratibu.

2/8
Tuanzie Marekani, maana mwaka huohuo wa 2013 wao walilitumia rungu lenyewe, tena kwa jambo linalotugusa sisi wa wodini: bunduki.

Julai 20, 2012, mtu aliingia kwenye jumba la sinema mjini Aurora, jimbo la Colorado, akaua watu 12. Desemba 14 mwaka huohuo, kwenye shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, wakauawa watoto 20 na watu wazima 6. Machi 2013 Colorado wakapitisha sheria mpya. Magazini ya bunduki isibebe risasi zaidi ya 15, na kila anayeuziwa bunduki achunguzwe kwanza, hata kama anauziwa na mtu binafsi.

Basi wenye bunduki wakaja juu. Katiba ya jimbo lao inawaruhusu wananchi kukusanya saini. Zikifika robo ya kura zote zilizopigwa kwenye uchaguzi uliopita wa kiti hicho, inaitishwa kura ya kumwondoa mwakilishi. Mjini Pueblo, mmoja wa walioanzisha zoezi alikuwa fundi bomba tu wa mtaani, siyo mwanasiasa.

Septemba 10, 2013 watu wakapiga kura. John Morse, Rais wa Seneti ya jimbo na polisi wa zamani, akaondolewa kwa tofauti ya kura mia tatu na kitu. Angela Giron wa Pueblo akaondolewa kwa tofauti kubwa zaidi, na eneo lake lilikuwa ngome ya chama chake. Wa tatu, Evie Hudak, alipoona saini zinakusanywa dhidi yake akajiuzulu mwenyewe mwezi Novemba.

3/8
Sasa hapa tusidanganyane. Mimi ni muuguzi. Kwetu majeraha ya risasi siyo ya kila siku, tunaowapokea kila siku ni wa bodaboda. Lakini aliyewahi kumfunga bandeji mtu wa risasi hawezi kushangilia mwakilishi anafukuzwa kazi kwa sababu alitaka silaha zipungue. Kama ningekuwa mpiga kura wa Morse, ningempa kura abaki.

Na bado nasema haki ile ilikuwa ya wapiga kura wake. Rungu halichagui kichwa. Ukilitaka kwa ajili ya mbunge usiyempenda, ujue jirani yako naye atalishika kwa ajili ya yule unayempenda.

Angalieni na yaliyofuata. Novemba 2014, kwenye uchaguzi wa kawaida, waliochukua viti vile viwili wakashindwa wote wawili, viti vikarudi chama kilekile cha mwanzo. Sheria ya magazini haikufutwa, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Colorado ikasema iko sawa na katiba ya jimbo. Yaani wananchi waliongea mara ya kwanza, wakaongea mara ya pili. Nchi haikuanguka.

4/8
Turudi nyumbani. Aprili 2012 Rais Kikwete aliteua Tume ya Mabadiliko ya Katiba, mwenyekiti Jaji Joseph Warioba. Wakazunguka nchi nzima wakikusanya maoni. Juni 3, 2013 rasimu ya kwanza ikazinduliwa. Desemba 30, 2013 rasimu ya pili ikakabidhiwa.

Mle ndani kulikuwa na mambo mawili kuhusu wabunge. La kwanza, mwisho wa ubunge ni vipindi vitatu vya miaka mitano. La pili ndilo hili letu: wapiga kura wa jimbo wapewe haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muda. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kuunga mkono sera zinazokwenda kinyume na maslahi ya wapiga kura wake, na kushindwa kupeleka kero zao. Kuhama jimbo zaidi ya miezi sita bila sababu ya msingi nako kulitajwa.

Isomeni tena ile sababu ya kwanza. Kuunga mkono sera. Maana yake ni kura yake bungeni. Morse na Giron walitolewa kwa jambo la aina hiyohiyo, miezi mitatu tu baada ya sisi kuiona rasimu ya kwanza.

Kisha rasimu ikapelekwa Bunge Maalum la Katiba, Dodoma, mwaka 2014. Mle walikuwemo wabunge wote wa Muungano na wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, wakaongezwa watu 201 walioteuliwa na Rais. Wajumbe walipita 600, kwa hiyo zaidi ya nusu walikuwa ni walewale ambao kifungu kinasema watolewe. Aprili 16 wapinzani wa UKAWA wakatoka nje, wakilalamikia zaidi suala la serikali tatu. Waliobaki wakaendelea. Oktoba 2, 2014 Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Ukomo wa vipindi vitatu haumo. Haki ya kumwondoa mbunge haimo.

Ni sawa na kumwuliza mgonjwa wa jino kama anataka ling'olewe, halafu koleo unampa yeye mwenyewe ashike.

Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa. Mpaka leo tunatumia Katiba ya 1977.

5/8
Nilisema wabunge wametolewa sana. Na nani?

Wengi wenu mnapita Mtaa wa Lumumba mkielekea Kariakoo. Pale, wakati mtaa unaitwa New Street, Julai 7, 1954 ilizaliwa TANU. Kati ya waasisi 17 alikuwemo Joseph Kasella-Bantu. Baada ya uhuru akawa mbunge. Oktoba 1968 chama kikamfukuza uanachama pamoja na wabunge wengine kadhaa, na kwa kuwa ilikuwa nchi ya chama kimoja, uanachama ukiondoka na ubunge umeondoka. Waliowachagua hawakuulizwa.

Siyo kwamba wapiga kura wa enzi hizo walikuwa hawana meno. Mwaka 1965, kwenye ule uchaguzi wa Jembe na Nyumba, waliwaangusha wabunge wengi, mpaka Waziri wa Fedha Paul Bomani akaanguka. Lakini ilibidi wasubiri siku ya uchaguzi. Chama hakikuwa na haja ya kusubiri.

Vyama vingi vilirudi 1992, ila kanuni ile imebaki. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomwingiza, kiti kinakuwa wazi. Mwaka 2017 CUF iliwafukuza wabunge wake wanane wa viti maalum, wakapoteza viti. Novemba 2020 CHADEMA nayo ikawafukuza wanachama wake 19 walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalum. Hao wakaendelea kukaa bungeni mpaka Bunge lilipomaliza muda wake 2025. Kanuni ileile, matokeo tofauti. Kumbe hata rungu la chama lina wenye kuamua lipige lini.

6/8
Kuna njia nyingine, ya Spika. Septemba 7, 2017 Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki, alipigwa risasi nyingi mjini Dodoma. Akatibiwa Dodoma, akapelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Juni 28, 2019 Spika Job Ndugai akatangaza kiti kiko wazi, kwa sababu mbili: kutohudhuria vikao bila kutoa taarifa kwa Spika, na kutowasilisha fomu ya mali na madeni. Uchaguzi mdogo ukapangwa, mgombea wa CCM akapita bila kupingwa.

Mnaweza kubishana kuhusu sheria, na watu wamebishana. Mimi natazama jambo moja tu. Watu wa Singida Mashariki hawakupiga kura ya kumtoa, na hawakupiga kura ya kumweka aliyefuata. Hakuna hata karatasi moja iliyotumbukia kwenye sanduku.

7/8
Majirani je? Uganda waliiandika haki hii kwenye Katiba ya 1995, ibara ya 84, kwa masharti magumu: theluthi mbili ya wapiga kura walioandikishwa wasaini. Mwaka 2005 wakati wa kurudi vyama vingi wakaongeza kwamba haki hiyo ipo tu chini ya mfumo wa "Movement". Mfumo ulipoisha, haki ikalala.

Kenya iko kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 104. Sheria ya uchaguzi ya 2011 ikaweka masharti mazito: asilimia 30 ya wapiga kura wa jimbo wasaini, na usianze mpaka miezi 24 ipite tangu uchaguzi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema masharti kadhaa ya sheria hiyo yanakiuka Katiba, na Bunge halikuharakisha kuyarekebisha. Juni 25, 2024 wabunge 195 walipopitisha Muswada wa Fedha dhidi ya 106, majina ya waliosema ndiyo yakasambaa kwenye simu za vijana kabla jua halijazama. Walipotaka kutumia ibara ya 104, wakakuta Tume ya Uchaguzi haina makamishna tangu Januari 2023. Mpaka leo hakuna mbunge wa Kenya aliyewahi kuondolewa kwa njia hiyo.

Lakini Wakenya wana kitu kimoja ambacho sisi hatuna: walijua nani kasema nini. Kwetu, bajeti kuu ndiyo inapigiwa kura kwa kuita majina. Miswada mingi inapita kwa sauti, "wanaoafiki waseme ndiyo". Wodini tuna msemo: kisichoandikwa hakijafanyika. Kila dozi ina saa, ina jina, ina saini ya aliyeitoa, na mgonjwa akizidiwa tunafungua faili. Sheria inayogusa watu zaidi ya milioni 60 inapita kwa kelele, halafu jioni huwezi kujua sauti ya mbunge wako ilikuwa ipi.

8/8
Mkitaka kuona watu wanafanya nini wakikosa njia, angalieni Kariakoo. Mei 15, 2023 wafanyabiashara walifunga maduka wakilalamikia kikosi kazi cha kodi, kamatakamata, na usajili wa stoo. Waziri Mkuu Majaliwa akaja sokoni, na Mei 17 akakaa nao Mnazi Mmoja. Juni 24, 2024 wakafunga tena, na safari hiyo mgomo ukasambaa mpaka mikoani.

Walisikilizwa, sawa. Lakini hesabuni aliyelipa. Mpagazi anayelala na hela ya siku ileile alikosa. Mama lishe aliyekwisha kununua mchele na maharage wa kumuuzia hakuwepo. Kufunga duka ni adhabu inayompata kwanza asiye na kosa. Mbunge aliyesema "ndiyo" kwenye sheria ya kodi hakupoteza hata shilingi.

Kwa hiyo mjadala wa Katiba mpya ukirudi, na utarudi, mimi nitauliza mambo matatu. Moja, kura za wabunge kwenye kila muswada ziandikwe kwa majina na zibandikwe tuzisome. Mbili, haki ya kumwondoa mbunge irudishwe, saini zisiwe chache kiasi cha aliyeshindwa uchaguzi kuzinunua, wala nyingi kiasi cha Uganda. Tatu, kifungu kinachowahusu wabunge kisiamuliwe na wabunge. Kije kwetu.

Na tukikipata, tujiandae siku moja kitamtoa mtu tuliyempenda, kama Morse. Hilo nalo tulikubali mapema.

Mwenye nakala ya rasimu ya pili ya Warioba nyumbani aitunze vizuri, awaonyeshe wanawe. Uzi ujao narudi kwenye fani yangu: historia ya Hospitali ya Sewa Haji. Usiku mwema, na waliopo zamu Mungu awape nguvu.