Shanta na Meli za Mabehewa

Wengi wetu tuliotoka Matongo, Nyamongo na upande wa Serengeti tulikua bila kuiona reli nyumbani, na hadi leo reli ya nchi kavu haijafika Mkoa wa Mara. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 gati la Musoma lilijengewa njia ya reli, na mabehewa yakaja kwa maji. Aliyeyapanga mabehewa hayo ni shanta, mtu ambaye wanahistoria wamempita kimya.

Shanta si dereva wala si gadi. Yeye ni mtu wa yadi. Treni ikiingia, huikata, akapeleka kila behewa kwenye njia yake, kisha akaunga treni mpya kwa kufuata vituo vitakavyopitiwa. Mwenzake wa pointi huvuta mkono wa chuma ili reli zibadili njia. Shanta hutoa ishara kwa bendera mchana na kwa taa usiku, na dereva hana budi kumtii, kwa sababu akiwa kwenye kichwa cha treni haoni mkiani. Hatari kubwa ipo pale pa kuunganisha. Mtu akiingia kati ya mabehewa kabla hayajasimama, tani zile hazimwulizi ana watoto wangapi. Popote palipo na reli, kazi hii imekula vidole na miguu. Tusishangae basi kwamba mwaka 1960 wafanyakazi wa reli wa Tanganyika, chini ya chama chao cha TRAU na katibu wake Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82.

Tuje ziwani. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928. Zote mbili zina upana wa mita moja, lakini kati yao kulikuwa na maji, na kila gunia la pamba lilipakuliwa behewani, likapakiwa melini, na ng'ambo likabebwa tena. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliondoa adha hiyo kwa kuleta meli mbili zenye reli juu ya sitaha: Umoja mwaka 1965 na Uhuru mwaka 1966. Magati yalijengwa Kisumu, Mwanza, Musoma, Jinja na Port Bell.

Hapo shanta alipata kazi ngumu kuliko ya yadi. Meli si ardhi: ukijaza upande mmoja, inalala. Mabehewa mazito lazima yaingie kwa zamu, kulia na kushoto, na yafungwe imara yasitembee kwenye mawimbi. Kichwa cha treni ni kizito mno kwa daraja la kupandia, kwa hiyo desturi ya kazi hii ni kuweka mabehewa matupu katikati, yawe kama fimbo ndefu ya kusukumia. Daraja lenyewe sharti lipande na kushuka, maana ziwa halitulii. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita mbili.

Kilichoivunja kazi hiyo hakikuwa mawimbi. Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ikafa. Sisi wa Tarime tunakumbuka Sirari ilivyonyamaza. Katika kugawana mali, Umoja ikawa ya Tanzania na Uhuru ikawa ya Kenya (majina hayo, jamani!). Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, lakini kwa miaka ile yote behewa la Kisumu halikuwa na safari ya kuja Musoma, hata kama shanta na bendera yake walikuwapo.

Baadaye malori yalichukua mzigo mwingi. Mwaka 2018 Umoja ilivusha tena mabehewa ya chakula cha WFP kutoka Mwanza hadi Port Bell, na Uhuru ikarudi kazini mwishoni mwa mwaka 2019.